Kasiva na Mtoto wa Ndululu

Ukifika soko la Kanyangi ukauliza fundi wa nguo za shule, utaonyeshwa baraza moja lenye cherehani ya miguu, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni. Huyo ndiye Kasiva. Mimi ni jirani yake tangu alipoolewa na Munyao. Kanisani tunaimba kwaya pamoja, yeye akisimama mbele yangu kwa sababu ya kimo chake, kwa hiyo kisogo chake nakijua kuliko uso. Mambo mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe. Mengine aliniambia yeye tukichagua mawe kwenye ndengu, kazi ambayo humfungua mtu mdomo.

Kasiva na Munyao walikaa miaka mingi bila mtoto. Munyao ni mtu wa kufyatua matofali, mikono yake haitoki udongo, na maneno yake ni machache. Jamaa zake walimwambia aongeze mke. Aliwasikiliza, akawapa chai, wakaenda, na hakuongeza mke. Kasiva naye alishona nguo za watoto wa watu. Kila Januari baraza lake lilijaa wanafunzi wa kupimwa mabega, na yeye aliwageuza huku na huku, akiwatania, akiwaambia wasimame wima. Wakishaondoka alibaki akiokota pini sakafuni.

Mwaka mmoja mvua ilikosa kabisa, na watu wengi walikuwa wakihama huku na huko kutafuta vibarua. Ndipo alipotokea Ndululu. Alikuwa msichana mdogo tu, mwenye tumbo la ujauzito lililoanza kuonekana, na mfuko mmoja wa nguo. Alisimama mbele ya baraza akaomba afagie apewe chakula.

"Kaa kwanza," Kasiva akamwambia. "Kufagia kunangoja."

Alimpa chai na muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, uliobaki usiku. Msichana akala, akafagia, kisha akachukua sindano bila kuambiwa akaanza kushona vifungo kwenye mashati yaliyokuwa yakisubiri. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Jioni ile Kasiva alienda naye nyumbani, na hakuondoka tena.

Tulipomuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Makueni." Makueni ni kubwa. Tukiuliza Makueni gani, aliinamisha kichwa. Siku moja tu alimwambia Kasiva, "Mwaitu aliniambia nisirudi," akimaanisha mama yake, na baada ya hapo hakuna aliyemsumbua tena.

Alijifungua salama katika zahanati ya hapa sokoni, mtoto wa kike. Kwa miezi michache nyumba ya Munyao ilikuwa na kelele ya furaha. Ndululu aliimba akifua nepi, Kasiva akakata vitambaa vya kumfunikia mtoto, na Munyao akawa anarudi mapema kutoka kwenye matofali. Halafu Ndululu akashikwa na homa. Ilianza kama homa ya kawaida, akanywa dawa, akasema anaendelea vizuri. Ilipopanda ghafla walimkimbiza hadi Kitui, lakini alikuwa amezidiwa. Hakufika siku ya pili.

Sasa, maiti ya mgeni ni jambo zito. Wazee wa boma walikuja kwa Munyao wakamwambia huwezi kumzika mtu usiyemjua ukoo katika ardhi yako. Munyao aliwasikiliza kama kawaida yake, na chai wakanywa. Kisha akasema, "Udongo huu si wangu. Wenyewe ni wa Mungu, mimi nalima tu. Kama yeye alimleta hapa, nitamnyima mahali pa kulala?" Akachukua jembe na koleo, akachimba kaburi karibu na ua wa minyaa, na sisi wa kwaya tukaimba.

Chifu msaidizi alikuja akaandika mambo yake. Alituma habari kwa wenzake wa Makueni. Hapakuja mtu. Akasema mtoto akae hapo hapo alipo, mpaka atakapopatikana wa kwao.

Munyao alimwambia mkewe, "Mvua ikitulia twende huko tuulize masokoni. Msichana hawezi kukosa mtu kabisa."

"Twende mwezi ujao," Kasiva akajibu. Mwezi ujao ulipofika mtoto alikuwa na mafua. Uliofuata kulikuwa na nguo za shule. Hivyo hivyo mpaka neno hilo likazeeka na hakuna aliyelitaja tena.

Mtoto alipewa jina la Mwongeli, kwa kuwa waliona wameongezewa. Alipopelekwa kanisani kubarikiwa, Mchungaji Musyimi alimnyanyua juu mbele ya watu akauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Ni wa Mungu!" Kasiva akajibu kwa sauti kubwa hata watu wakacheka na kupiga makofi. Alikuwa amevaa gauni jipya la samawati alilojishonea mwenyewe, na machozi yalimtoka bila kuyafuta.

Miaka sita ikapita. Mwongeli alikulia chini ya cherehani, akikusanya vipande vya vitambaa na kuvigeuza kuwa watu wenye majina. Alikuwa mtoto wa maswali. Kicheko chake kilikuwa cha namna ya peke yake, kilianza ghafla na kuishia kwa kwikwi, nasi tulioishi jirani tulikisikia kupitia ua tukajua Munyao amerudi kutoka kazini. Hawakumficha habari za aliyemzaa. Waliliita kaburi lile kwa Mama Ndululu, na siku za Jumapili mtoto alikwenda kung'oa magugu.

Kasiva ndiye aliyekuwa akianzisha mapambio kanisani, na kulikuwa na moja alilolipenda kupita yote. Kwa Kikamba linasema, Syonthe nisyaku, Mwiai. Vyote ni vyako, Bwana. Aliliimba akiwa amefumba macho na kunyoosha mikono, na kanisa zima likainuka.

Kisha wakaja wanawake wa makanisa ya Makueni kwa mkutano wa akina mama, tukawapikia na kuwalaza majumbani. Mmoja wao, mwenye duka Matiliku, alimwona Mwongeli akipita na sahani, akaacha kula. Alimwita, akamshika kidevu, akamtazama. Kisha akasikia jinsi anavyocheka.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

"Wa fundi," nikasema. Hakuridhika. Nilimwona baadaye akizungumza na mchungaji kando ya tangi la maji.

Baada ya majuma mawili hivi Mchungaji Musyimi alikwenda kwa Kasiva. Akawaambia kwamba kule Matiliku kuna mama mmoja mjane anayeitwa Syokau, ambaye binti yake wa pekee, Ndululu, aliondoka nyumbani na mimba na hakuonekana tena. Mama huyo amepata habari. Anaomba kuja.

Munyao akasema, "Aje. Ni haki yake."

Kasiva akainuka, akakusanya vikombe.

Siku ambayo mgeni alitarajiwa, Kasiva alinijia asubuhi amemshika Mwongeli mkono. "Nisaidie kukaa naye," akaniambia. "Nina mgeni, na huyu atatuzungumzisha sana." Sikuwa na sababu ya kufikiri vingine. Nilimpa mtoto mahindi ya kupukuchua, tukakaa nyuma ya nyumba yangu, tukisimuliana hadithi za kuku.

Syokau alifika akiwa amechoka, na leso mbili mabegani na kiondo mkononi. Kasiva anasema jambo la kwanza aliloliona ni yale mashavu. Alikuwa akimtazama Ndululu aliyezeeka.

Walimpa kiti na maji. Hakunywa. "Nionyesheni alipo mtoto wangu kwanza," akasema.

Munyao akampeleka kwenye ua wa minyaa. Syokau alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo, akakaa hivyo muda mrefu bila kulia. Halafu akasema, "Ndululu, nilisema kwa hasira. Ilikuwa hasira tu. Nilikutafuta mpaka Kasikeu, mpaka Emali. Kumbe ulikuwa umevuka huku." Hapo sasa akalia, na Munyao naye akageuka upande, akajifanya anatazama mbuzi.

Walirudi kwenye kivuli cha nyumba. Chai ikaletwa. Syokau akamshika Kasiva mikono yote miwili.

"Mwanangu, ulimpa chai na mahali pa kulala. Ulimzika kama mtu wa kwenu. Sina cha kusema. Nimeambiwa aliacha mtoto."

"Ndiyo," Kasiva akasema. "Lakini hayupo leo. Amekwenda kwa dada yake Munyao, huko Mutomo. Hatujui atarudi lini."

Munyao aliinua kichwa akamtazama mkewe. Kasiva aliendelea kumimina chai hadi ikamwagika kwenye sahani.

Kutoka ng'ambo ya ua, kuku wangu mmoja alikuwa amemnyang'anya Mwongeli gunzi, na mtoto akacheka kicheko chake kile. Mimi pale sikujua lolote. Yule mama alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe chini polepole, akafungua kiondo. Akatoa ndengu kwenye mfuko, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na gauni dogo la rangi ya chungwa lililonunuliwa sokoni.

"Sikujua kipimo chake," akasema. "Mpe akirudi. Mwambie ana susu, nyanya yake, huko Matiliku."

Akaondoka siku ile ile.

Jioni Munyao hakumgombeza mkewe. Alimwuliza tu, "Sasa tufanyeje na hili gauni?" Kasiva akalichukua akaliweka ndani ya sanduku, chini ya nguo nyingine, akalifunika.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nyuma yake kama siku zote. Mchungaji alipomaliza matangazo, alimwashiria Kasiva aanzishe pambio, na watu walikuwa wameshajua litakuwa lipi, mpiga ngoma alikuwa ameshaanza kugonga. Kasiva akafungua mdomo. Akaufunga. Tulingoja. Mwishowe mwingine akaanzisha, kanisa likaitikia, Syonthe nisyaku, Syonthe nisyaku, na mimi nikaona kile kisogo kimeinama, mabega yametulia, mikono imeshikilia kiti cha mbele. Mwongeli alikuwa amekaa na watoto upande wa dirisha. Akatoka mahali pake, akapita katikati ya watu, akamvuta mama yake gauni.

"Mama, mbona leo huimbi?"

"Koo linaniuma."

"Lakini nyumbani uliniita kwa nguvu," mtoto akasema, na wale waliokuwa karibu wakacheka. Kasiva hakucheka.

Mchana huo alikaa nyuma ya nyumba bila kubadilisha nguo za kanisani. Munyao alimkuta huko, akaketi juu ya rundo la matofali.

"Siwezi kuliimba tena lile pambio," Kasiva akamwambia. "Nimeliimba miaka yote hiyo, baba. Nilikuwa nampa Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo, au vile ambavyo hakuwa akivitaka. Sasa ameniomba kimoja tu na nimekificha kwa jirani."

Munyao alifikiri. "Umemwambia hivyo?"

"Nani?"

"Mungu."

"Nitamwambia nini? Kwamba nimedanganya? Anajua."

"Mwambie kwamba hutaki kumtoa. Kama ndiyo kweli, mwambie hiyo. Kuliko kumwimbia uongo."

Alimwacha hapo akaenda kunywesha mbuzi. Kasiva aliniambia kwamba hajawahi kuomba namna ile. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa maombi mazuri, yenye kuanza kwa shukrani na kumaliza kwa amina. Siku ile alisema tu, "Sitaki. Ni wako, ulinipa wewe, lakini sitaki. Ukimchukua nitabaki na nini?" Akarudia maneno hayo mpaka yakamwishia. Hakusikia sauti yoyote. Hakuona amani imemshukia kama watu wanavyoshuhudia. Ila anasema aliposimama, kwa mara ya kwanza tangu yule mama aondoke, hakuwa akimkwepa Mungu. Alikuwa ameonekana jinsi alivyo, na hakufukuzwa.

Usiku alifungua sanduku akatoa lile gauni la rangi ya chungwa. Asubuhi akampima Mwongeli. Lilikuwa pana kiunoni na fupi kidogo. Akalipunguza, akaongeza upindo wa chini kwa kitambaa kingine kilichokaribiana nalo rangi.

"Limetoka wapi?" mtoto akauliza.

"Kwa susu yako."

"Susu ninaye. Mama yake baba."

"Una mwingine. Mama yake Mama Ndululu."

Mwongeli akalifikiria jambo hilo, mikono juu, gauni likiwa nusu limemfunika kichwa. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Shule zikifungwa nitakupeleka."

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Kasiva na mtoto walivuka mto Athi, wakapitia Wote, wakafika Matiliku alasiri, kilima cha Nzaui kikiwa kimesimama pale mbele yao. Walielekezwa hadi kwenye nyumba ndogo ya matofali, yenye ng'ombe mmoja na shamba la mbaazi zilizokwisha kuvunwa. Syokau alikuwa akipepeta. Aliwaona tangu mbali, ungo ukiwa mkononi, na hakusogea, kana kwamba akisogea wangetoweka.

Mwongeli ndiye aliyetangulia. Alisimama mbele yake akasema, "Mimi ndiye mtoto wa Ndululu. Gauni lilikuwa kubwa, mama akalipunguza."

Syokau aliangusha ungo. Kasiva anasema hajui ni nani alilia kwanza. Anakumbuka tu kwamba mtoto alikuwa akiwaangalia wote wawili na kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Walipokwisha kula, mtoto akaenda kumtazama ng'ombe. Kasiva akatoka kwenye kiti akakaa chini, kwenye mkeka, miguuni pa yule mama.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Mtoto hakuwa Mutomo."

"Najua," Syokau akasema. "Nilimsikia akicheka huko nyuma ya ua. Kicheko kile nilikilea mimi. Hakuna kingine kama hicho."

"Mbona hukusema?"

Yule mama alikunja leso yake, akaikunjua. "Nilikuja huko nikiwa nimejiandaa kusema. Huyu ni damu yangu, nitamchukua, hata mkikataa nitaenda kwa chifu. Niliyasema njia nzima. Nilipofika nikaona kaburi limefagiliwa. Nikamsikia mtoto anacheka kama asiyejua shida. Nikajiambia, Syokau, binti yako ulimfukuza kwa ukali, na huyu utamchukua kwa ukali tena? Nikamwambia Mungu, basi, wewe ndiye mwenyewe. Mimi naenda nyumbani."

"Na mimi nilimwambia sitaki," Kasiva akasema.

"Akakujibu nini?"

"Hakunijibu. Nikaja tu."

Syokau akacheka kicheko kidogo, cha kukatika mwisho, na Kasiva akajua kicheko kile kimetoka wapi.

Alimwacha mtoto kule kwa likizo yote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kupeleka na kurudi pamoja lingekuwa jambo la kutembeleana. Lakini Syokau alipouliza kwa woga kama anaweza kubaki naye kidogo, Kasiva alisema ndiyo kabla hajajizuia. Mwongeli mwenyewe alikuwa tayari, alikuwa ameahidiwa kufundishwa kukamua. Alimpungia mama yake mkono mmoja tu, ule mwingine ukiwa umeshika mkia wa ng'ombe.

Kasiva alirudi Kanyangi peke yake. Nyumba yao ilikuwa imetulia hata mimi wa ng'ambo ya ua nilikosa usingizi. Hakuwa na hakika kama mtoto angetaka kurudi, wala kama Syokau angemrudisha, na hakuwa na neno la kudai, kwa kuwa damu si yake. Alishona. Munyao alifyatua matofali. Jioni walikaa nje wakitazama njia.

Jumapili ile aliingia kanisani akasimama mahali pake. Mchungaji hakumwashiria, nadhani alimhurumia. Lakini watu walipoketi baada ya sala, tukasikia sauti ndogo, ya chini, isiyofanana na ile tuliyoizoea. Ilikuwa ikitetemeka. Kasiva alikuwa ameanzisha lile pambio. Hakufumba macho, hakunyoosha mikono. Aliimba kama mtu anayesema neno gumu kwa mtu anayemheshimu, akikwama, akiendelea. Mpiga ngoma hakugonga. Wengi wetu hatukuitikia, si kwa kukosa heshima, tulikuwa tumeyasikia maneno yale kana kwamba ni mapya, na kila mmoja alikuwa akihesabu moyoni ni nini alichokificha kwa jirani. Mimi nilifikiria kipande cha shamba ninachogombania na shemeji yangu. Nilitazama sakafu.

Mwisho wa mwezi Kasiva na Munyao wote wawili walikwenda Matiliku. Walimkuta Mwongeli ameshaoga, nywele zimesukwa, nguo zake zimekunjwa ndani ya mfuko, na mfuko uko mlangoni. Syokau alikuwa amekaa kando yake, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani, uso umevimba kwa kulia.

"Nilikuwa naogopa ningebadilisha nia," akasema, "kwa hiyo nimemwandaa tangu alfajiri."

Munyao, ambaye maneno yake ni machache, ndiye aliyezungumza. "Mama, hatukuja kumchukua. Tumekuja tuulizane atalelewaje. Sisi sote tumepewa, hakuna mwenyewe kati yetu."

Wakakaa chini wakapanga, polepole, kama watu wanaogawana maji mwaka wa kiangazi. Mtoto angesoma Kanyangi alikoanzia shule. Likizo zote zingekuwa za Matiliku. Krismasi Syokau angevuka yeye aje kwetu, alale karibu na binti yake. Mtoto angeitwa kwa koo zote mbili. Mwongeli, aliyekuwa akisikiliza, aliuliza kama ng'ombe naye angekuja Krismasi. Wakamwambia hapana. Akasema basi atamwachia picha.

Walipomaliza kupanga, wakapiga magoti pale uani, wakamwombea mtoto. Kasiva aliniambia kwamba katika maombi yale hakuna aliyemtaja mtoto kwa kusema wangu. Hawakuwa wamekubaliana hivyo. Neno lenyewe halikuwajia.

Hayo sasa yana miaka mitatu. Mwongeli ameota meno yote ya mbele na anajua kukamua kuliko watoto wote wa Kanyangi, ingawa huku hana ng'ombe wa kukamua. Munyao alikwenda kumjengea Syokau jiko la matofali, akakaa huko juma zima, na akarudi akisifu mbaazi za kule. Syokau amekuja Krismasi zote. Mara ya mwisho alikohoa sana, na Kasiva anamsihi ahamie huku kabisa, lakini yeye hataki kuacha shamba lake.

Watoto wamefunga shule juma lililopita, na Mwongeli yuko Matiliku. Kasiva bado hajui kupika kwa ajili ya wawili. Kila jioni ananiletea sahani ya muthokoi uliobaki, anasimama mlangoni, ananiuliza kama kwangu kuna mvua, wakati nyumba zetu zimetenganishwa na ua tu. Nami namwambia akae, kwa kuwa najua hakuja kwa ajili ya mvua.